Tulivyotafuta chakula cha mvinyo wenye mapovu bila kuuonja

Wakuu, asalaam aleikum, na wasio wa huko, hamjambo.

Stori hii sijaitia chumvi. Chumvi yote iko kwenye dagaa, mtaiona huko chini.

Mimi ni binti wa kidato cha tatu, Mtambile, Pemba. Dada yangu Zuhura anapika mpaka majirani wanasahau walichojia. Hoteli moja ya watalii upande wa Wambaa ikamwambia: tuletee chakula cha kwenda na mvinyo mweupe wenye mapovu, ukipatia, jiko ni lako.

Kazi hiyo aliitaka mpaka akawa haongei.

Sasa wakuu, kwetu mvinyo hauingii hata ndotoni bila kupiga hodi. Haramu ni haramu. Zuhura alishawaambia atapika tu, chupa hagusi.

Tukanunua kwa Bi Hansa, mwenye duka, juisi ya zabibu nyeupe yenye mapovu, haina kilevi. Tukajiona wajanja.

Nyumbani, Bibi yetu akaikodolea macho ile karatasi ya dhahabu shingoni mwa chupa.

"Juisi gani hiyo yavaa kilemba?"

"Ya heshima, Bibi."

Akasoma maandishi mara mbili, akaridhika, akatufukizia glasi kwa ubani kama za wageni.

Tukakaa barazani. Karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, jua limelala juu yake. Vipovu vikawa vinapanda kimoja kimoja, taratibu, kama vimesahau vinakwenda wapi. Nikameza. Ulimi ukaelea. Wallahi nilisahau kama nina mtihani wa hesabu.

Tukaanza kuionjea vyakula kimoja kimoja. Urojo, ule mchuzi mzito wa pilipili, ulinitokea puani, tusiuzungumze.

Dagaa wa kukaanga, wa chumvi na ndimu, Zuhura akawasukuma pembeni. "Hawa wanagombana na zabibu."

Mkate wa kumimina ndio ukashinda. Utamu juu ya utamu, tukafumba macho wote. Dagaa nikawafunga kwenye mfuko, njaa ya njiani.

Hotelini, meneja, mama wa Kizungu aliyezoea Kiswahili, akamega mkate, akanywa mvinyo wenyewe. Uso ukajikunja.

"Zuhura, nyinyi mlionjea nini?"

"Juisi ya zabibu, madam."

"Aa. Huu hauna sukari. Mkate unauzidisha ukali."

Dada akaanza kusokota pindo la mtandio. Nikaiona kazi inaondoka. Kwa woga nikafungua mfuko, nikawa natafuna.

Zuhura akauliza kwa sauti ndogo, "Ukali wake kama wa nini? Ndimu? Ukwaju?"

Meneja akafumba macho, akawaza. "Embe bichi."

Wakuu! Mtoto gani wa Pemba hajui embe bichi laliwa na nini? Chumvi na pilipili!

Zuhura akanipora mfuko, akamwaga dagaa kwenye sahani.

Meneja akatafuna mmoja. Akanywa. Akatazama nje kwenye maji, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Mkono ukarudi kwenye sahani wenyewe.

"Kesho unaweza kuanza?"

Nilipomsimulia Bibi, akashangaa. "Yaani wametoka kwao huko kuja kunywa embe bichi?"

"Tena lenye kilemba, Bibi."

Nilichojifunza: kitu usichoweza kukionja, muulize anayekionja kinafanana na nini unachokijua.

Haya, kwenu embe bichi mnalila na nini? Tajeni, Zuhura anasoma hapa pembeni yangu. Dagaa wangu lakini hawakurudi.