Marehemu Aliyezidi Kuandika

Wahadhiri walimwita Mama Umeandika Nini, maana ukikutana naye kwenye ngazi za maktaba, swali lilikuwa hilohilo. Mkutubi huyu aliingiza kila utafiti wa chuo kwenye hazina ya kompyuta, kila kazi chini ya mwandishi wake. Wakimwona tu, walimu wazima walikumbuka ghafla kwamba wana kipindi.

Jumatano asubuhi, kamati ya kupandisha vyeo iliomba orodha ya mwalimu wa udongo, mwanamke mpole aliyekwisha kukataliwa mara mbili. Hazina ilitoa kazi tatu. Mkutubi akaguna. Mtu anayeshinda maabarani, tatu tu? Akafungua ukurasa wa baba wa mwalimu huyo, aliyefundisha idara hiyohiyo hadi alipofariki miaka sita iliyopita. Jina la ukoo lilelile, herufi ya kwanza ileile. Marehemu alikuwa na kazi tisa zilizotoka baada ya mazishi yake.

Mkutubi alikumbuka alivyokuwa akizipokea. "Mzee huyu aliacha maandishi kabatini," aliwatania wenzake, huku akibofya jina la baba bila kufungua hata ukurasa mmoja. Sasa aliifungua ya mwisho. Udongo wenyewe ulichimbwa mwaka jana.

Angeweza kuzihamisha kimyakimya, lakini kamati ingeuliza kazi tisa zimeota wapi, na lawama ingemwangukia binti. Basi akaandika barua, akakiri kosa ni lake, akatia sahihi. Kisha akampigia mwalimu simu.

Mwalimu alifika na matope kwenye viatu. Aliisoma barua akiwa amesimama.

"Nisamehe, mwanangu," mkutubi alisema. "Jasho lako nilimpa baba yako. Lakini mbona hukuuliza?"

"Nilidhani zile nyingine hazikufaa kuhesabiwa, Mama." Akavuta kiti, akakaa. "Unajua kamati iliniambia nini mara zote mbili? Nijifunze kwa baba. Eti kazi zake bado zinatoka, na mimi niliye hai nimelala."

Mkutubi akasogeza kiti chake karibu.

"Niliona haya," mwalimu akaendelea. "Ni miaka miwili sijakanyaga kaburini kwake."

Mwalimu akafuta macho kwa kiganja, akairudisha barua mezani.

"Naomba nakala moja, Mama," alisema. "Jumapili nitamsomea."