Dakika Kumi na Moja za Kifipa

Nilipokuwa na miaka saba, binamu zangu wa kijijini Mollo walicheka namna nilivyotamka neno "maji" kwa Kifipa. Walicheka mpaka wakakaa chini. Nikaapa sitakisema tena mpaka nikijue sawasawa. Sikukijua. Mama akawa ananisemesha Kiswahili, na Kifipa kikabaki chake na mama mdogo.

Ndivyo nilivyo. Kitu nisichokiweza bila kosa nakiacha. Ninachokiweza nakishikilia mpaka nachosha watu. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi iliyochanika jalada. Kwa hiyo majibu ya siti-skani ya Mama yalipotoka, yakitaja kwa Kiingereza uvimbe kwenye ini unaodhaniwa kuwa saratani, nilinakili kila neno kwenye daftari na kulitafutia maana. Daktari aliyetupa majibu alikuwa na haraka. Nikasema twende Mbeya, picha zikasomwe na daktari mwingine.

"Twende," Mama akasema. "Lakini na mdogo wangu."

Daktari wa Mbeya alikuwa mtu mzima, mpole. Alimuuliza Mama kwao wapi. Mama aliposema Mollo, akacheka. "Mbona na mimi wa huko huko!" Wakahamia kwenye Kifipa. Mimi nikaweka simu mapajani, nikabonyeza kurekodi. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilijiambia ni kwa ajili ya daftari. Walizungumza dakika kumi na moja. Katikati Mama aliangua kicheko, daktari naye akacheka. Mama mdogo alikuwa anaangalia viatu vyake. Mwishoni daktari akampa Mama bahasha. Nilinyoosha mkono, akaniambia kwa Kiswahili, "Haya ni ya mgonjwa. Mama yako atakueleza."

Tulipotoka Mama akanieleza. "Anasema ni uvimbe wa kawaida tu. Wale wa kwanza walikosea."

Nililia mbele za watu. Jumapili nilipeleka sadaka ya shukrani kanisani. Jina la Mama likasomwa, waumini wakapiga makofi. Mama alisimama kando yangu na kitenge chake kipya. Naye alipiga makofi.

Ningekuwa mtu wa kuridhika, ningeishia hapo. Lakini bahasha Mama alikuwa hajanionyesha, na kwenye daftari ukurasa wa siku ya Mbeya ulikuwa mtupu, na ulikuwa unaniwasha. Nikachukua simu, nikaenda kwa jirani yetu hapa Milanzi, bibi mmoja fundi cherehani, Mfipa.

"Shikamoo bibi. Naomba unitafsirie hapa."

"Marahaba. Leo Kifipa kimekuwa kitamu?"

Alisikiliza huku akikanyaga pedali. Kisha mguu ukasimama.

"Mama yako yuko wapi?"

"Shambani."

"Basi ngoja arudi, akwambie mwenyewe."

Nilimbembeleza. Akaniambia bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa. Daktari alikubaliana na yule wa kwanza: ni saratani, na imeshasambaa. Kilichobaki ni dawa za kumtuliza maumivu. Mama alijibu: "Sawa, ila mwanangu asiambiwe. Ataniburuza hospitali hii na ile na daftari lake, nikafie kwenye basi. Mimi nataka nivune ulezi wangu."

"Na hapa, wanapocheka?"

Akakata uzi. "Mama yako anasema hata akipiga chafya unaandika."

Jioni nilimkuta Mama anapepeta ulezi wa mwaka jana. Nilimwambia yote. Hakukana.

"Umejuaje?"

"Nilirekodi."

"Ohoo. Kumbe na wewe ulikuwa unanificha."

"Ulipiga makofi, Mama. Kanisani!"

Akarusha ungo mara mbili, tatu. "Ulikuwa umefurahi," akasema. "Ningefanyaje?"

Nilidai jambo moja: siku ya kurudi Mbeya kuchukua dawa, kila kitu kisemwe kwa Kiswahili. Akakubali upesi, nami niliona nimeshinda.

Asubuhi ya safari, kila mara basi liliporuka tuta, Mama aliuma ncha ya kitenge. Nilijifanya sioni. Kwa daktari, simu nilimkabidhi mama mdogo, nikabaki na daftari. Daktari akauliza kwa Kiswahili: unakula? Unalala? Maumivu je? Mama alikaa wima kama yuko ofisi ya kata.

"Ndiyo, daktari."

"Ndiyo."

"Siyo sana, daktari."

Niliandika yote. Haikufika nusu ukurasa, na mstari wa mwisho nilijua ni uongo. Daktari alinitazama, akangoja.

"Ongeeni Kifipa," nikasema.

Mama aligeuka kunitazama, kisha akaanza. Alisema kwa muda mrefu, mkono ubavuni, na safari hii hakuna aliyecheka. Nilifunga daftari. Sijamsamehe, na sitaandika hapa kwamba nimemsamehe. Katikati nilisikia neno moja ninalolijua, maji. Sikujua kama anasema anayataka, au hawezi tena kuyanywa.