Vidole Vitatu vya Ingénieur Zagabe

Mtaa mzima wa Nyawera ulimwita Ingénieur Zagabe, ingawa hakuna aliyewahi kujua uhandisi huo aliusomea wapi. Kompyuta ya ofisi ikikwama, alipigiwa simu. Alifika na tai shingoni, akawaomba watu wasogee nyuma, akatandaza koti lake juu ya kibodi na kuingiza mikono chini yake. Humo gizani alibonyeza Ctrl na Alt kwa mkono wa kushoto, na Suppr, kitufe cha kufuta, kwa wa kulia, kisha akachagua kuwasha upya. Basi, uhandisi umekwisha. Kwa miaka tisa siri hiyo ndiyo iliyompa heshima mjini, naye aliilinda kuliko kadi yake ya mpiga kura.

Jumatatu moja pikipiki ikamwangusha kwenye tope la mtaa wa Kadutu, mkono wa kushoto ukafungwa plasta ngumu. Jumatano, ofisi ya mradi mmoja wa kilimo ikampigia: kompyuta imeganda, na wafadhili wanafika saa nne. Maskini akaenda. Angekataa, watu wangeanza kujiuliza kwa nini mhandisi anahitaji mikono kuliko kichwa.

Alimkuta sekretari peke yake, Maman Bibiane. Akatandaza koti, akajaribu kwa mkono mmoja. Vidole vikatanuka mpaka vikauma, na Suppr bado iko mbali kama kisiwa cha Idjwi. Mwishowe, jasho likimtoka, akamnong'oneza mama huyo amshikilie vitufe viwili, ila kwanza aape hatamwambia mtu.

Bibiane hakuapa. Aliweka vidole mahali penyewe kabla hajaonyeshwa.

"Papa Ingénieur, ile hata sentinelle wa pa mlango anajua."

Zagabe alihisi aibu mpaka masikioni. Akauliza, kwa sauti ndogo, "Sasa juu ya nini munaniitaka?"

"Ukitengeneza weye, directeur anasema mashini iligonjwa. Nikitengeneza miye, anauliza nani aliiharibu."

Bibiane akabonyeza Suppr mwenyewe. Kompyuta ilikuwa inawaka upya wakati mkurugenzi, Papa Gaston, alipoingia. Aliitazama skrini, akautazama mkono wenye plasta, akamsifu Ingénieur kwa moyo wote. Kisha akamwagiza Bibiane amletee mtu huyu chai, maana amefanya kazi kubwa kwa mkono mmoja.

Bibiane akaileta, na sukari akamkorogea. Zagabe alishindwa kumtazama usoni, lakini chai aliinywa yote.