Mstari Ambao Bi Godeleine Hakuupiga

Saa mbili asubuhi, Novemba mosi. Ukungu umeufunika uwanja wa Boeskerke, hata goli la upande wa kanisani halionekani. Godeleine Wyckaert anasukuma kitoroli chake cha chokaa taratibu, macho yakiwa mbele kwenye kamba aliyoifunga kwa vigingi viwili. Nyuma yake unabaki mstari mweupe juu ya nyasi zenye umande.

"Usitazame gurudumu," anasema bila kuulizwa. "Ukitazama gurudumu, mstari unapinda. Tazama unakokwenda."

Ana miaka 63, na huu ni mwaka wa thelathini na moja anapiga mistari hapa. Halmashauri ya kijiji inamlipa euro 940 kwa mwezi kwa kazi ya nusu siku. Zikishatoka za pango na za kupasha nyumba joto, zinazobaki, anasema, "zinamtosha mtu anayekula peke yake." Mumewe, Gaspard, alifariki miaka tisa iliyopita. Mwanawe yuko Lyon, na hupiga simu Jumapili akikumbuka.

"Wiki inaweza kuisha sijaongea na mtu ila muuza mikate," anasema. "Na yeye ananiuliza mkate gani tu."

Ndiyo maana huisubiri Novemba mosi mwaka mzima. Asubuhi hii kijiji chote kiko makaburini na maua ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Yeye alimpelekea Gaspard ya kwake jana, ili leo awe huru. Leo ni siku ya dakika kumi na moja.

Mwaka 1909, kabla dunia haijawa na kombe lake, Boeskerke iliandaa mashindano ya timu kutoka nchi nne. Waingereza walifika wakiwa wametapika baharini njia nzima, wakafungwa manne. Waholanzi walilazwa kwenye ghala la kitani, wakaingia uwanjani wakipiga chafya. Fainali ikabaki ya majirani: Boeskerke ya Ufaransa na Wulverdam ya Ubelgiji, vijiji vilivyotenganishwa na kilomita sita na mpaka. Magoli yalikuwa miti mirefu iliyoazimwa kwa wakulima wa ule mmea utambaao unaotiwa kwenye bia kuipa uchungu.

Mabao yalikuwa moja kwa moja, zimebaki dakika kumi na moja, ukungu ukashuka. Mpira ukapigwa, na hakuna aliyeona ulipoishia. Wabelgiji wakasema umevuka mstari. Wafaransa wakauliza, mstari upi? Mvua ilikuwa imeufuta. Ngumi zikaanza kuruka, mechi ikavunjika.

Wazee wa pande zote mbili wakaandika karatasi ambayo hadi leo imetundikwa kwenye baa ya klabu. Dakika zilizobaki zichezwe siku hiyohiyo, Novemba mosi, kila mwaka, mpaka mshindi apatikane. Timu isiyofika hadi saa tisa alasiri imeshindwa. Na kwa sababu ya ule ugomvi, wakaongeza: kama kuna mstari haujapigwa, mechi haipo na mshindi hayupo, isubiriwe mwaka ujao.

Mshindi hajapatikana mpaka leo, wala si kwa bahati mbaya. "Nani anataka kushinda?" Bi Godeleine anacheka. "Ukishinda, mwakani hawaji!" Anayefunga humwachia mwenzake asawazishe. Mwaka 1974 kijana mmoja wa hapa alifunga dakika ya mwisho kabisa. Mwamuzi akaongeza dakika saba hadi Wabelgiji wakasawazisha, na nyumbani mama wa kijana akamnyima chakula. Kombe lenyewe hukaa mwaka huku, mwaka kule.

Kwa miaka 26, siku hii ikifika saa nne asubuhi, Joris Lammertyn huingia getini. Ndiye mpiga mistari wa Wulverdam. Huja mapema kuliko timu yake, hupiga magoti, hupima kwa utepe.

"Jirani, hapa umezidisha kidole."

"Kidole chako au changu? Maana chako ni kama soseji."

Halafu hunywa kahawa ya chikori, ile ya mizizi iliyokaangwa, na kubishana kuhusu chokaa ya unga na rangi ya maji. "Hayo ndiyo maongezi yangu ya mwaka," anasema Bi Godeleine.

Agosti mwaka huu klabu ya Wulverdam iliunganishwa na klabu ya mjini. Viongozi wapya wakasema hawana muda wa mechi ya dakika kumi na moja. Septemba, Joris, miaka 71, akaanguka kutoka kwenye ngazi akavunjika nyonga. Alhamisi iliyopita alipiga simu kutoka hospitali.

"Jirani, mwaka huu hatuji. Sina hata kipa."

"Njoo wewe basi."

"Na chuma hiki cha nyongani? Labda mnisimamishe niwe mlingoti wa goli." Kisha akaongeza: "Ningepata mwaka mmoja tu, ningekusanya watu kumi na mmoja, hata kama ni manesi."

"Nilikata simu nikakaa jikoni nikalia," anasema Bi Godeleine. "Nilijua Boeskerke tutashinda."

Saa nne inafika, na getini hakuna mtu. Ameleta vikombe viwili kwa mazoea. Mstari uliobaki ni mmoja tu, wa goli la kanisani. Anapoulizwa, anasema chokaa imeisha. Mlangoni mwa stoo umekaa mfuko wa kilo 25 haujafunguliwa.

Saa tisa kasoro dakika nane ukungu umeshaondoka. Wachezaji kumi na mmoja wa Boeskerke wanarukaruka kupasha miili, watazamaji wapata arobaini. Mwenyekiti wa klabu, Régis Delbecque, ameshasafisha rafu ya kombe kwenye kabati la vioo. "Ushindi wa mezani nao ni ushindi, bwana," anasema. "Wasiokuja shauri yao."

Mwamuzi, Thierry Ficheux, anazunguka kukagua uwanja kama karatasi inavyotaka. Kwenye goli la kanisani anasimama.

"Bi Godeleine! Mstari wa goli uko wapi?"

"Sijaupiga."

"Umesahau?"

"Miaka thelathini na moja nisahau leo? Sijaupiga tu."

Régis anakuja mbio. "Mama, usitufanyie hivyo! Zimebaki dakika nne, piga!"

"Kitoroli hicho hapo. Piga wewe."

Régis anapasua mfuko, unga unamrukia kwenye suti ya Watakatifu Wote. Anaanza kusukuma, ameinama, macho yote kwenye gurudumu. Mstari unatoka vizuri hatua tatu, unayumba kushoto, unarudi, na unapofika mwisho umelikosa goli kwa mita nzima. Watu wanavunjika mbavu.

"Huo ni mstari?" anauliza mwamuzi. Anatazama saa, anapuliza kipyenga mara moja. "Saa tisa. Mechi haipo. Mshindi hayupo."

"Umetunyima kombe, wewe mwanamke!" anafoka Régis. "Jumanne kamati itakaa, na kitoroli utakirudisha!"

Wanaelekea baa. Wapo wanaocheka, wapo waliokasirika. Hakuna anayemwambia twende.

Bi Godeleine anabaki na ufagio. Anakwangua mstari wa Régis, anafunga kamba, anaupiga upya, polepole, mlingoti hadi mlingoti. Umenyooka. Kisha anampigia Joris.

"Jirani, tumetoka sare."

Upande wa pili mtu anapenga kamasi. "Vipi?"

"Nitakuja Jumatano nikusimulie. Basi lipo la saa tatu."

Kila Jumatano atavuka mpaka, anasema, abaki na kitoroli au anyang'anywe. Watatafuta wachezaji pamoja, kuanzia kwa hao manesi.

"Wakipatikana kumi wanatosha," anasema, akifungua chupa ya kahawa iliyokwisha kupoa. "Wa kumi na moja nitakuwa mimi. Upande wao."