Ua Wangu, Ua Langu

Kwa miaka ishirini na sita alipiga chapa kwenye kibaraza cha jengo la mahakama, mashine yake juu ya meza ambayo mguu mmoja ulifungwa waya. Watu walimletea ugomvi wao, yeye akaupanga kwa mistari iliyonyooka. Alikuwa ameona ndugu wa tumbo moja wakikanana mchana kweupe. Ndiyo maana karatasi yoyote, hata kadi ya harusi, aliigeuza kwanza aone nyuma yake kuna nini. Wenzake walimwita Mama Nakala, kwani hakuna kilichotoka mkononi mwake bila yeye kubaki na nakala.

Mama yake alipofariki aliacha kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye kalenda. Kilisomeka kama orodha ya kwenda sokoni. *Nyumba, dada mtu. Cherehani, mjukuu. Ua, mdogo mtu.*

Mistari miwili ya kwanza iliandikwa kwa wino mweusi. Wa tatu ulikuwa wa buluu.

Mdogo mtu, yaani mdogo wake wa kiume, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mwenye karakana alikuwa amempa notisi ya kuhama. Siku ya msiba dada yake alimwona amesimama nyuma ya nyumba, mikono mfukoni, akiutazama ule uwanja kutoka kwenye tangi la maji mpaka ukutani. Siku ile hakulitilia maanani. Sasa lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwisho wa mwezi mdogo wake alipiga simu. "Dada, nitakuja Jumamosi. Kile alichoniachia mama, unakijua."

"Nakijua," alijibu, akakata.

Asubuhi iliyofuata aliipeleka karatasi kwa Mzee Nukta, msahihishaji mstaafu wa magazeti aliyeuza fomu na stempu meza ya pili. Mzee aliisogeza karatasi karibu na pua.

"Hapa kuna maneno matatu yaliyovaa shati moja," alisema. "Hayana hata udugu. Ua la kunusa, wingi wake maua; hapo neno lote ni shina. Ua wa nyumba, wingi wake nyua. Hapo hiyo *u* ni kiambishi tu, shina ni *a* peke yake. Yakakutana njiani yakafanana."

"Na la tatu?"

"La tatu ni kitendo. Mkiendelea hivi nyinyi wawili, mtalifikia."

Hakucheka. "Mama hakuwa na bustani, mzee. Hata chungu cha maua hakuwa nacho. Huyu kaongeza mstari."

"Basi usimwulize kitu. Mwache aseme mwenyewe. Akisema *ua wangu*, anataka uwanja. Akisema *ua langu*, ni habari nyingine. Mtu anaweza kughushi mwandiko, lakini ulimi wake hauwezi kumficha."

Jumamosi mdogo wake alikuja, akaketi ukingoni mwa kiti kama mgeni. Dada aliweka chai mezani, akangoja aseme mwenyewe. Chai ikapoa.

"Dada, mimi sitaki maneno," alisema mwishowe. "Nataka kujua tu. Liko wapi?"

Dada akadhani hakusikia vizuri. "Nini?"

"Ua la mama. Lile la fedha alilokuwa akilibana kifuani kwenye koti. Nililitafuta siku ya msiba, ndani na nje mpaka nyuma ya nyumba, nikidhani limedondoka. Koti lilikuwa kwako. Nikasema, basi, dada kalichukua."

Kumbe naye alikuwa akimshuku. Dada akaisogeza ile karatasi mbele yake.

"Na wino wa buluu?"

"Kalamu ilimwishia, nikampa yangu, nikatoka kujibu simu. Unaniuliza kama polisi?"

Dada aliinuka. Aliingia chumbani, akalitoa koti sandukuni, akapapasa kola, mifuko, kisha bitana. Chini kabisa, pale mfuko ulipotoboka, kidole chake kilichomwa. Lile ua lilikuwa dogo, petali moja imepinda.

Mdogo wake alilipokea kwa mikono miwili, akainama. Dada alitamani kumshika bega. Badala yake akamletea hati ya kupokea aweke sahihi. Naye mdogo mtu akaisoma mara mbili, akaigeuza nyuma, ndipo akaweka.

Baada ya mwezi alirudi, mara hii kuomba mahali pa kuweka mashine zake. Dada alikubali, kwa maandishi. Aliandika "sehemu ya wazi nyuma ya nyumba, kutoka tangi la maji hadi ukutani, kwa matumizi tu."

"Dada, si ungeandika ua, yakaisha?"

"Weka sahihi," alimwambia.

Hadi leo cheche huruka pale nyuma kuanzia asubuhi, na dada akirudi kutoka kazini humpelekea fundi chai. Ila kwanza huupitishia macho ule ukuta, kuhakikisha hausogei.