Nilivyomfuata Mwanachuo Nkowe

Siku ya kwanza nilipokabidhiwa wanafunzi wa chuo kikuu, katika msikiti mmoja wa Nachingwea mjini, niliogopa kuliko wao. Nilizoea kusomesha watoto. Hawa walikuwa watu wazima waliorudi nyumbani likizo, na Kurani hawakuijua hata herufi. Imamu wetu aliniambia, "Ustadhi, nenda nao polepole. Mtoto ukimwaibisha anasahau. Mtu mzima hasahau."

Nilimsikia, lakini sikumwelewa.

Majuma machache baadaye Hamisi, mwanachuo wa mwaka wa tatu, alisoma neno lenye maana ya moyo. Herufi yake ya kwanza, qaf, hutoka nyuma kabisa ya ulimi. Pale herufi inapotokea tunapaita makhraji. Yeye aliitolea mbele, ikawa kaf. Nikasema mbele ya wenzake, "Badala ya moyo umesoma mbwa." Wakacheka, nami nikacheka. Hamisi akafunga msahafu, akatoka. Hakurudi.

Imamu hakunigombeza. Alisema tu, "Kamfuate."

Nilipanda bodaboda hadi Nkowe, kijijini kwao, upande wa Ruangwa. Nilimkuta anampikia uji mama yake, aliyekuwa hajiwezi kitandani.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikamwambia.

Aliendelea kukoroga. "Ustadhi, mama anataka nimsomee Yasini kwa mdomo wangu mwenyewe kabla hajaondoka. Ndicho kilichonileta kwako. Na siku zenyewe naona zinakwisha."

Nilimwomba Sheikh wa wilaya anihamishie Ruangwa, akakubali. Kutoka hapo nilifika Nkowe kila alasiri. Tulikwenda aya kwa aya, tukirudia palepale mpaka ulimi ukubali.

Siku aliyomsomea mama yake nilikuwepo. Alikosea madda mbili, yaani mahali pa kuvuta sauti. Kazi yangu yote ilikuwa kusahihisha, lakini nilinyamaza. Mama alikuwa akifuatisha kwa midomo. Hamisi alipomaliza, mama akamwambia, "Nimekusikia, mwanangu."

Juma halikuisha, tukamzika.

Nilisomesha Ruangwa miaka mingi baada ya hapo. Sasa nimestaafu. Meno ya mbele yameng'oka, herufi ya thaa hainitoki sawasawa, na mwalimu wa namna hiyo hawezi kumsahihisha mtu. Watu hunishukuru kwa niliowasomesha. Mimi huwafikiria walioacha darasa langu kimyakimya, ambao hakuna aliyenituma niwafuate. Baadhi yao hata majina siyakumbuki. Nawaombea hivyo hivyo.