Mjane aliye eda alivyonikagulia ghorofa ya juu, Unguja

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe, sijatia chumvi.

Nilitoka Songea kwa basi, nikalala Dar, asubuhi nikapanda boti. Mimi ni mtu wa kuhamahama. Makambako nimeishi, Mtwara nimeishi, na kote huwa napakumbuka nikishaondoka. Elimu yangu kidato cha nne, ila mwiko wa uashi nimeushika tangu kijana.

Mji Mkongwe nikawa nakagua nyumba. Mtu akitaka kununua ananiita, nagonga kuta, nachungulia boriti za dari, namwambia nyumba ni nzima au inaumwa. Usajili sina, bima sina, na hakuna aliyeniuliza.

Sasa Bwana Kassim, mtu wa Kiembe Samaki anayeishi Muscat, akaipenda nyumba ya Bi Zuhura. Mume wa Bi Zuhura amefariki, warithi wamekubaliana iuzwe, na yeye anataka kuhamia Bububu kwa dada yake. Ngazi zimemshinda.

Tatizo, Bi Zuhura alikuwa juu, yupo eda. Mwanaume wa kando haonani naye mpaka iishe. Na Bwana Kassim ana safari, anataka jibu.

Nikakagua chini. Kisha nikasimama kwenye ngazi, pazia mbele yangu, nikawa namwelekeza Bi Zuhura kwa sauti. Gonga ukuta wa barabarani. Mlio mkavu, yaani mzima. Gonga wa chooni. Mkavu pia. Funga kisu kwenye ufagio mrefu wa utando wa buibui, kichomeke kwenye boriti iliyo juu ya kitanda.

Akachomeka, akasema:

"Kimeingia chote."

Nikamwambia basi boriti imeoza, na hiyo nikiiandika, mnunuzi anaweza kukimbia.

"Iandike, mwanangu. Mie nnalala chini yake, nshaizoea. Mwenzangu anayenunua atalaza watoto."

Nikaandika. Nikaeleza pia nani aliyekagua juu.

Mwanasheria wa Bwana Kassim akaikataa ripoti. Alitaka ya mkaguzi aliyesajiliwa na mwenye bima, ili akisema boriti ni nzima halafu ianguke, awepo wa kulipa. Nikaenda ofisi ya usajili na ripoti yangu. Afisa akaisoma taratibu.

"Huyu aliyekagua juu amesajiliwa?"

Nikasema hapana, yupo eda.

"Ana bima?"

Nikasema sijamuuliza.

Akanieleza bila ukali kwamba usajili unataka stashahada ya ujenzi, na bila usajili kampuni ya bima hainikatii. Kidato cha nne changu kikaishia pale kaunta.

Bwana Kassim akasafiri. Nikajua nimemharibia mama wa watu.

Eda ilipoisha, mkaguzi mwenye vibali vyote akapanda juu, akaandika boriti imeoza. Bwana Kassim akapiga simu kutoka Muscat. Akasema mwenye nyumba anayejisemea ubovu wa nyumba yake hana jingine la kuficha. Akanunua.

Siku Bi Zuhura anahama ndiyo siku niliyoondoka Unguja, na sijarudi. Nilikwenda kuaga. Akafungua mlango mwenyewe, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ananitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Kumbe ndo wewe. Kwa sauti ile nkajua jitu."

Akanipa ufagio, kisu bado kimefungwa. Akasema niendako nikausajili.

Boti nikapanda nao.

Funzo wakuu: kama unakagua nyumba za watu, soma, jisajili, kata bima, ndipo ugonge ukuta. Na usichokiona andika hukukiona.

Sasa nipo Kahama, na huku nako wameanza kuuliza vyeti. Anayejua wapi wanapokea mtu wa miaka arobaini na kitu kusomea ujenzi aniambie hapa. Ufagio upo nyuma ya mlango.